Picha ndefu ya maua ya mama mdogo

Mtu wa Dar anayapenda maua, ila anayapenda yakiwa nyuma ya mgongo wake. Subiri Jumamosi yoyote saa kumi jioni uone misafara ya harusi inavyotoka Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Magomeni. Matarumbeta mbele juu ya pikapu, maharusi katikati, wanakimbilia bustanini au ufukweni wapige picha kabla giza halijaingia. Bwana harusi ataegemezwa kwenye kichaka, bibi harusi atainamishwa anuse waridi ambalo pengine halinukii hata kidogo, mpiga picha atapiga kelele "cheka kidogo shemeji!", kisha wote haoo, ukumbini. Ukija kuitazama ile albamu utaona meno, utaona shela, utaona suti ya kukodi. Maua ni rangirangi tu huko nyuma.

Na hili si la leo. Nyie mliopigwa picha kwenye studio za uswahilini miaka ya tisini mnayakumbuka mambo. Pazia limechorwa maporomoko ya maji, vikapu vya maua ya plastiki kulia na kushoto, na wewe katikati umekakamaa kama askari wa gwaride. Nje ya studio hiyo hiyo bogenvilia ya kweli imefunika ukuta mzima, bure kabisa, na hakuna mwenye habari nayo.

Mimi ugonjwa wangu ni wa kinyume. Napenda kupiga picha ya maua yenyewe, tena yote kwa pamoja, kutoka kona hii mpaka ile. Picha ya ua moja kila mtu anayo, ndiyo zile za "asubuhi njema" tunazorushiana kwenye magrupu ya ukoo. Lakini bustani ni mpangilio bwana. Jekundu limewekwa jirani na jeupe kwa makusudi, refu limekaa nyuma, fupi mbele, njia inapinda pale kwenye kivuli. Ukipiga kipande kimoja umeiba hadithi. Hapo ndipo inapoingia panorama, ambayo huku kwetu Tandika tunaiita picha ndefu, yaishe.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko kamera. Mchoraji mmoja wa Ireland, Robert Barker, alipewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1787, na kufika 1793 alikuwa na jumba la mviringo London ambamo watu walilipa kiingilio, wakasimama katikati na kugeuka huku na huku kutazama mchoro uliowazunguka pande zote. Kamera ikaja baadaye. Mwaka 1904 Wamarekani wakatoa mashine iitwayo Cirkut, inazunguka yenyewe juu ya miguu yake mitatu, na filamu nayo inatembea humo ndani. Ilipendwa sana kwa picha za shule na majeshi. Sasa watoto watundu wakagundua kitu: ukisimama mwanzo wa mstari, kamera ikishakupita, unatimka mbio nyuma ya wenzako mpaka mwisho wa mstari, unatokea mara mbili kwenye picha moja! Likumbuke hili, nitalirudia.

Kisha tukaletewa vile vikamera vya plastiki vyenye swichi imeandikwa panorama. Kumbe ni utapeli mtupu. Ndani mna vibati viwili vinavyoziba filamu juu na chini, unabaki utepe, unasafishiwa kwa ukubwa, unaambiwa hiyo ndiyo ndefu. Ni sawa na kuipunguza suruali ubavuni halafu ukadai umeirefusha. Simu za siku hizi angalau zinafanya kazi ya kweli. Ukizungusha simu taratibu, inachota vipande vingi vyembamba, inatafuta alama zinazofanana pale vipande vinapopandana, kisha inavigundisha kama fundi cherehani anayeunga pindo.

Swali ni je, utaielekeza wapi hiyo simu? Wenzetu wa Uholanzi wana Keukenhof, bustani iliyofunguliwa kwa watu mwaka 1950, kila msimu inapandwa vitunguu vya maua kama milioni 7. Hapa nyumbani tunayo Kitulo, kule juu Nyanda za Juu Kusini, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi peke yake zipo aina zaidi ya 40. Kati ya Desemba na Aprili ukisimama pale na picha ndefu huna haja ya ufundi wowote, popote unapogeukia ni maua. Shida ni kwamba Kitulo huendi kwa nauli ya daladala.

Mjini Posta ipo Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, kwa nia ya kujaribu mimea ya biashara, si kwa ajili ya macho yetu. Imemegwa na kumegwa mpaka ikabaki kiasi chake, lakini bado ina mnazi ule wa ajabu wa Shelisheli wenye nazi kubwa kuliko zote duniani, na tausi nimewakuta wakijitembelea kama wenye nyumba. Kwa picha ndefu ni mahali pagumu. Kivuli kizito hapa, jua kali pale. Simu nyingi zinashika kiasi cha mwanga pale unapoanzia, kwa hiyo ukianzia kivulini, ukifika juani maua yote yanaungua yanakuwa meupe kama chokaa.

Mnazi Mmoja ni afadhali, pako wazi. Uwazi wenyewe una historia yake, maana wakoloni waliuacha uwe kama ukuta kati ya Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Leo tunapumzikia pale, kwenye mnara wa Mwenge wa Uhuru, na watu wa Temeke tunapapita kila siku tukienda mihangaikoni. Ila sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali alipokuwa amesimama Mjerumani Wissmann tangu 1909, usijisumbue nayo. Maua yake yako kwenye duara na wewe uko nje ya duara. Panorama ni ya mtu aliyesimama katikati akageuka, anayezunguka nje atapata uji.

Na Temeke kwenyewe? Temeke tunaonyeshwa maua kwa tiketi, siku chache kwa mwaka, wakati wa Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, mabanda yanaposhindana kwa vibustani vya mlangoni. Naenda kila mwaka. Mwaka mmoja mlinzi wa banda fulani alinizuia nisisimamishe kamera ya miguu mitatu, ati mpaka niwe na kibali, huku watu ishirini pembeni yake wanapiga kwa simu bila wasiwasi. Nikakunja miguu yangu mitatu, nikatoa simu, akanisogelea nimpige na yeye. Nikampiga.

Lakini ukiniuliza mimi, onyesho kubwa la maua la mji huu halina geti wala tiketi. Ni vile vitalu vya barabarani, vya Kinondoni hasa, ambapo viriba vimepangwa mita na mita kando ya lami: krotoni, asumini, waridi, miashoki imesimama kama wanajeshi, na ile dezati rozi yenye shina nene kama mguu wa tembo. Daladala ikikwama kwenye foleni, abiria wote shingo upande. Hakuna aliyelipa.

Mama yangu mdogo alikuwa na kitalu cha namna hiyo kandokando ya barabara moja ya Kinondoni tangu mwaka 2004. Alianza na viriba kumi na kopo la kumwagilia. Kwa hicho kitalu amesomesha watoto watatu, na mimi nimewahi kulipiwa ada humo. Mwaka 2023, mvua za masika zilipokwisha, wakaja watu wenye rangi nyekundu. Si unaijua ile X ya barabarani? Kawaida inapigwa ukutani. Mama mdogo hana ukuta. Wakazunguka, wakakosa pa kuipiga, mwisho wakaipiga kwenye tanki lake la maji. Siku 30 awe ameondoka, barabara inapanuliwa.

Alinipigia usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo kesho na hiyo simu yako. Nataka ile picha yako ndefu."

Nikadhani anataka kumbukumbu. Wapi! Mama mdogo si mtu wa kulia na picha. Alikuwa ameshakwenda kwa mwenye faili kuomba, na mwenye faili akamjibu kwamba maua ni vitu vya kubeba, kwa hiyo hakuna fidia wala muda wa ziada, viriba vinapakiwa kwenye kirikuu mambo yamekwisha. Sasa mle kitaluni kulikuwa na bogenvilia mbili kubwa zimeota ardhini, na mkrismasi mmoja aliouotesha kwa mbegu, ule unaowaka mwekundu kila Desemba. Mti mkubwa hauung'oi leo ukaupanda kesho. Unachimba upande mmoja, unakata mizizi nusu, unafukia na mboji, unasubiri wiki kadhaa itoke mizizi myembamba, ndipo unarudi upande wa pili. Ukiwa na haraka umeua. Alitaka miezi mitatu, hiyo tu. Na alitaka barua yake iambatane na picha moja inayoonyesha kila kitu kilipo, kuanzia nguzo ya umeme mpaka kwenye kalvati, hatua 43, ili mtu wa ofisini asije akasema hajui ni wapi.

Nilifika saa moja kasoro asubuhi. Huo ndio wakati, kwa sababu jua bado limelala, na upepo wa baharini haujaamka. Upepo ni adui mkubwa wa picha hizi. Simu ikichota kipande hiki ua liko huku, kipande kinachofuata ua limeinama kule, basi unapata waridi lenye vichwa viwili. Na rangi nyekundu ndiyo inayowahi kuungua kuliko zote, kwa hiyo bogenvilia unaipunguzia mwanga kwanza, unagusa pale penye weupe mkali, ndipo unaanza. Simu unaisimamisha wima upate urefu wa juu na chini. Viwiko unavibana mbavuni. Hapa vijana wengi wanaharibu: wananyoosha mkono mbele halafu wanauzungusha kama wanafukuza mbwa. Simu inakuwa imehama mahali, na vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali, kwa hiyo kiriba cha mbele kinakatika na ukuta wa nyuma haukutani. Simu yenyewe ndiyo iwe kama msumari, wewe ndiye uizunguke. Na urudi nyuma kadiri unavyoweza. Kinondoni ukirudi nyuma sana uko mbele ya bajaji, lakini tulipata nafasi ya kutosha kwenye mtaro uliofunikwa.

Nilimwambia mapema, "Mama, mstari wako utapinda." Akaniangalia kama namtania. Nikapiga, nikampa simu.

"Mbona bustani yangu imekuwa ndizi?"

Ndivyo ilivyo. Ukisimama mbele ya mstari ulionyooka, katikati pako karibu na wewe, ncha mbili ziko mbali. Katikati panavimba, ncha zinasinyaa. Dawa yake wapiga picha wa zamani waliijua, wale wa Cirkut. Walikuwa wanawapanga wanafunzi kwa nusu duara, kamera katikati, ili kila mtoto awe umbali ule ule, na pichani mstari unatokea umenyooka kama rula. Nikamweleza. Wala sikumaliza, akawaita vijana wake wawili, kazi ikaanza. Viriba vinahamishwa, yeye amesimama katikati na khanga kiunoni kama mwalimu wa kwaya: "Krotoni rudi nyuma! Asumini sogea! Wewe mwashoki unaziba wenzako!" Watu wa kituo cha daladala wakaacha kupanda magari wakawa wanatazama. Dakika ishirini, mwezi wa nusu umekamilika. Nikapiga.

Jamani, ilikuwa picha. Rangi zimepangana kutoka kijani mpaka zambarau, umande bado uko kwenye majani, mstari umenyooka, huwezi kuamini ni kando ya lami. Vijana wakagombea simu. Hata mimi nikajiona nimefika.

Mama mdogo akaitazama kwa muda mrefu. Akavuta huku, akavuta kule kwa kidole. Kisha akasema, "Nzuri. Lakini hapa si kwangu."

Akanionyesha. Mkrismasi haukuhama, wala zile bogenvilia mbili, kwa hiyo picha nzuri ilikuwa imeziacha nyuma kama majirani wasiohusika. Lile la pili aliloliona ndilo lililonikata maini. "Na yule baba wa faili akiuliza, nitamwambia nini? Si atasema maua haya yanabebeka kweli? Tumeyabeba sasa hivi kwa dakika ishirini."

Nikakosa jibu. Vijana wakarudisha kiriba kimoja kimoja mahali pake, safari hii kimyakimya, kila kimoja kwenye alama yake ya duara iliyolowana chini. Nikapiga tena ile ya ndizi. Wakati nageuka, muuza karanga akapita na sinia lake, akielekea upande ule ule ninaogeukia, tena kwa mwendo. Amo karibu na nguzo ya umeme, na amo tena karibu na kalvati, mtu mmoja, sinia mbili. Nikataka kurudia, mama mdogo akakataa. "Mwache. Huyo anapita hapa kila siku, akitokea mara mbili ni haki yake."

Kwa hiyo barua ilikwenda na picha iliyopinda. Niliichapisha kwenye karatasi mbili nikaziunga kwa gundi, nikaandika kwa kalamu nyekundu pale penye mizizi ardhini. Niliogopa mwenye faili atasema imetengenezwa, maana imeungwa kweli, na yumo mtu yuko sehemu mbili. Mama mdogo anasema aliitazama, akacheka alipomwona muuza karanga, akaiambatanisha. Hakupewa miezi mitatu. Alipewa wiki sita.

Wiki sita hazikutosha vitu vyote. Alizichimba bogenvilia zote mbili kwa zamu, zikahamishiwa Goba alikokodi kipande cha uwanja. Moja ilishika, ya pili ilikauka. Mkrismasi haukuguswa, haukuwa wa kuhamishika tena kwa umri ule, na greda lilipokuja ulikwenda na vingine. Ilikuwa bado miezi kadhaa kufika Desemba.

Ile picha niliyoiona mimi kuwa nzuri, ya mwezi wa nusu, ipo tu kwenye simu yangu, na nimeshawarushia watu wengi wakasema hongera. Mama mdogo hajawahi kuniomba. Aliyoitaka ni ya ndizi. Nikaipeleka Kariakoo kwenye mashine za kuchapia mabango, kwa sababu studio za kawaida hazina karatasi ya urefu ule, ikatoka mita mbili na nusu. Fremu nayo ikawa kesi nyingine. Wauza fremu wote wana za saizi ya picha za kipaimara na mahafali. Mwisho nikaenda Keko kwa mafundi samani, fundi akauliza kama hicho ni kichwa cha kitanda, nikamwambia ni bustani, akachonga.

Goba wateja wapya hawaijui ile barabara, wanadhani ni tangazo. Lakini wa zamani wakija wanaisimamia. Mama mmoja aliweka kidole karibu na nguzo ya umeme akasema asumini ya harusi ya bintiye ilitoka hapo, safu ya pili. Wengine wanaitumia kuagizia: nipe kama hii ya tatu kutoka kwenye tanki. X inaonekana vizuri kabisa pale kwenye tanki, nyekundu kuliko ua lolote, na tanki lenyewe, X na yote, liko hapo hapo Goba linamwagilia.

Kibanda chake cha sasa kina ukuta wa mita mbili. Picha haienei. Kwa hiyo asubuhi vijana wawili wanaitundika nje chini ya upenu, na jioni wanaishusha na kuiingiza ndani mshazari, mmoja akipiga kelele mwenzake ainue.